Wekesa Hana Kiburi, Amenyamaza Tu

Wasee, leo sina vichekesho. Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya zile stori za matatu za Kitale kwenda Bungoma, na vile mathe hunipigia simu nikiwa katikati ya kurekodi. Zitarudi wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu kijana wa miaka minane ambaye amenunuliwa sanduku la bati.

Sanduku ni la bluu. Senge wangu alilinunua hapa mjini mwezi uliopita (senge ni shangazi, kwa nyinyi msiotoka kwetu). Liko chini ya kitanda na bado halina kitu ndani. Mwenye sanduku nitamwita Wekesa, na hilo si jina lake, ila sitaki kumwanika. Januari shule zikifunguliwa anapelekwa bweni. Sababu? Ati akanyooshwe.

Ripoti yake ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja wa mwalimu: "Mtoto ana kiburi. Akiulizwa swali hajibu wala hamtazami mwalimu." Nilimsindikiza senge shuleni kwenda kusikiliza hayo maneno moja kwa moja. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana darasa limejaa mpaka mlangoni, na alituambia kwa uchungu: "Nikimsimamisha anaangalia viatu vyangu. Nikimchapa analia bila sauti, halafu bado hajibu. Mimi nifanye nini na mtoto kama huyo?"

Senge aliomba msamaha mara tatu. Mimi nilinyamaza, na wale wananijua wanajua hiyo si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiria kitu kimoja: mpaka mwaka jana, huyu Wekesa alikuwa anaishi kwa kukhu upande wa Kimilili, na huko alikuwa ndiye mtoto anayesifiwa kuliko sisi wote. Kukhu alikuwa anasema akipata wajukuu watatu kama Wekesa anaweza kufa bila wasiwasi. Kuku wakitoka, ashawaona. Mgeni akifika, kiti kishaletwa kabla mtu hajaagiza. Mkubwa akiongea, Wekesa anainamisha macho na kusikiliza.

Ni mtoto yuleyule na macho yaleyale yanayoangalia chini. Kimilili yanaitwa heshima, Kitale yanaitwa kiburi. Kati ya hapo na hapa ni safari ya matatu moja tu. Sasa nani amebadilika?

Hilo swali lilinisumbua usiku. Nikaanza kusoma, na nikapata kitu ambacho kilinishangaza kuliko nilivyotarajia, kwa sababu jibu lake lilipatikana hapahapa Kenya, miaka hamsini iliyopita.

Mwaka 1972, mume na mke Wamarekani walifika kwenye jamii ya wakulima Wakipsigis, upande wa Kericho. Mke ni Sara Harkness, mwanaanthropolojia. Mume ni Charles Super, mwanasaikolojia wa watoto. Kwenye maandishi yao hapo mahali wanapaita Kokwet. Walikaa mpaka 1975, wakitazama vile watoto wanalala, wanabebwa, wanafundishwa kukaa na kutembea, na vile wanaongea na watu wazima. Halafu walilinganisha na familia za huko kwao, upande wa Boston.

Kitu walichokuwa wanakifuata kinaitwa hulka. Hulka ni ile namna mtoto anakuja nayo kabla hujamfundisha chochote. Yule anayelia kwa nguvu na yule anayelia kidogo. Yule anayerukia kila mgeni na yule anayejificha nyuma ya rinda la mama mpaka azoee. Kila mama mwenye watoto wawili anajua hawakuja sawa, hata kama tumbo ni moja na ugali ni mmoja.

Wakati huo, utafiti uliokuwa unasifika sana kuhusu hulka ulikuwa wa New York. Alexander Thomas na Stella Chess, nao mume na mke, na wote madaktari wa akili, walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto 133 tangu uchanga mpaka wakawa watu wazima. Waliwapanga hivi: kama asilimia 40 walikuwa watoto wepesi, kama asilimia 10 wagumu, na kama asilimia 15 wa kuchelewa kuzoea. Waliobaki hawakuingia kwa kundi lolote. Mtoto mgumu, kwa hesabu yao, ni yule asiye na ratiba ya kulala na kula, anayekataa vitu vipya, na kilio chake kinasikika mpaka kwa jirani.

Sasa chukua hiyo orodha uipeleke Kokwet. Inaanza kuchekesha.

Boston, mtoto wa miezi minne alikuwa anatarajiwa alale kama saa nane mfululizo, kwa kitanda chake, kwa sababu asubuhi wazazi wana kazi na saa ya ukutani haingoji. Mtoto anayeamka-amka usiku huko ni shida kweli. Kokwet mtoto alilala na mama yake, akiamka ananyonya, analala tena. Watoto wa Kokwet waliendelea kuamka usiku kwa miezi mingi, na hakuna mama aliyeona hapo kuna ugonjwa wa kutibiwa. Kutokuwa na ratiba hakukumsumbua mtu, basi hakukuwa na mtoto msumbufu wa aina hiyo.

Lakini usidhani Kokwet haikuwa na watoto wagumu. Ilikuwa nao, ila walikuwa wengine. Huko, baada ya miezi michache, mama anarudi shamba na mtoto anaachiwa dada mkubwa, binti mdogo ambaye Wakipsigis wanamwita cheplakwet. Mtoto mchanga anabebwa mgongoni na mikono inabadilishana. Sasa mtoto anayekataa mgongo, ama anayekataa kila mtu isipokuwa mama, huyo ndiye alikuwa shida ya kweli ya nyumba. Pengine mtoto huyohuyo Boston hakuna mtu angemwona mgumu, kwa sababu huko hakukuwa na cheplakwet wa kumkataa.

Umeshika? Ugumu wa mtoto haukai ndani ya mtoto peke yake. Unakaa pale mtoto na mahali wanapokutana. Thomas na Chess wenyewe walifika hapo pia: walisema cha muhimu zaidi ni vile hulka ya mtoto na mahali alipo vinatoshana. Harkness na Super wakaongeza kitu mwaka 1986. Walisema kila mtoto anakulia kwenye kitu kama kiota, na hicho kiota kina sehemu tatu: mahali penyewe na watu waliomo, desturi za kulea, na yale wazazi wanaamini kichwani kuhusu mtoto mzuri ni yupi. Badilisha moja, na mtoto uliyemwita malaika anaweza kuamka kesho akiitwa shetani.

Hata mwili unasikiliza kiota. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kutembea kama mwezi mmoja mbele. Watu walikuwa wanasema ni damu ya Kiafrika. Super alitazama vizuri akaona mama zao wanawafundisha kukaa na kutembea, kila siku, na lugha yao ina maneno ya hayo mafunzo. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufundisha, watoto wa Kokwet hawakuwa mbele. Kwa hivyo kinachoonekana kama "amezaliwa hivyo" mara nyingine ni kazi ya mtu fulani tangu asubuhi.

Sasa nifike kwa Wekesa.

Mwaka 1977 Harkness na Super waliandika makala wakiuliza mbona watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Walikuwa wamejaribu jambo rahisi: mtu mzima anamhadithia mtoto hadithi fupi, kisha anamwambia mtoto airudie. Huko Marekani mtoto mdogo anafunguka tu. Kokwet watoto wengi wadogo walikaa kimya. Kimya kabisa. Ukienda na karatasi ya kuweka alama, unawapa sifuri na unaandika kwamba hawana lugha, ama akili imechelewa.

Lakini watoto hao walikuwa na lugha. Wakiwa peke yao, watoto kwa watoto, walikuwa wanapiga kelele kama sisi sote. Kilichokuwa kinawafunga ni mtu mzima aliyesimama mbele yao akitaka waongee. Nyumbani kwao, mkubwa anaongea na mtoto anafanya. "Leta maji." "Angalia ng'ombe." Mtoto mzuri anaonyesha ameelewa kwa miguu na mikono yake. Kusimama mbele ya mkubwa na kuanza kumhadithia ni kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuwataka wafanye. Ule ukimya ulikuwa jibu sahihi la swali lingine, lile ambalo walikuwa wameulizwa nyumbani kila siku ya maisha yao.

Na wazazi wa Kokwet walijua tofauti hii zamani kabla ya profesa yeyote. Wakipsigis wana neno ng'om, mwerevu. Walitofautisha ng'om en gaa, mwerevu wa nyumbani, na ng'om en sukul, mwerevu wa shule. Mwerevu wa nyumbani ni yule anayeona kazi bila kuambiwa na unaweza kumwachia boma. Mtoto anaweza kuwa na moja na akose nyingine. Nilimuuliza rafiki yangu Mkalenjin wa hapa Kibomet kama hilo neno bado lipo. Alicheka akaniambia, "Kwani unadhani mathe wangu huniitaje nikiosha vyombo bila kuambiwa?"

Nikakumbuka kitu. Likizo ya Agosti nilimkuta Wekesa nyuma ya nyumba ya senge na vijana wengine watano wakicheza bano. Walikuwa wamebishana, nani anamdai nani. Wekesa, huyu "asiyejibu", alikuwa amesimama katikati akieleza: huyu alikopa nne, akashinda mbili, akalipa moja, kwa hivyo anadaiwa tatu, hizo mbili alizoshinda hazihesabiwi kwa sababu alicheza na za mwingine. Sauti iko juu, mkono uko hewani. Hakuna mtu alimpinga. Wakati huo amembeba dada yake mdogo mgongoni, amelala. Niliposongea karibu, akaniona, akanyamaza, akaangalia chini.

Mimi nina miaka 22. Kwa Wekesa mimi ni mtu mzima. Niliumia kidogo, siwadanganyi. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Najua kuna msee anasoma hii na tayari anaandika: "Nyinyi watoto wa intaneti mnataka kudekeza watoto. Sisi tulichapwa na tuko sawa." Acha nijibu pole pole.

Kwanza, kuhusu kuchapwa, hatuhitaji hata kubishana na saikolojia. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, Kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kuadhibiwa kikatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inarudia kwamba hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuadhibiwa kwa kuumizwa mwili. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini ya sheria, na bado mtoto wa miaka minane anachapwa Kitale kwa kosa la kuangalia viatu.

Pili, kiboko kinamfundisha nini mtoto wa namna hii? Hebu fikiria. Ananyamaza kwa sababu mkubwa aliye mbele yake anamtisha na kwa sababu amefundishwa hivyo ndiyo heshima. Unamchapa. Sasa mkubwa anatisha zaidi. Atajibu vipi? Unamwagia maji mtu unayetaka akauke.

Tatu, kuna wale wanasema hii ni saikolojia ya wazungu. Kwa kiasi mna haki. Mimi pia linanikera kwamba maneno ya mama wa Kericho yanasafiri mpaka kwa majarida ya Marekani, na sisi tunayasoma kwa Kiingereza miaka hamsini baadaye, na majina yanayong'aa juu ni ya wageni. Lakini angalia vizuri nani alimfundisha nani. Ile orodha ya "mtoto mgumu" ilitoka New York. Ni mama wa Kokwet walioonyesha kwamba hiyo orodha haikuwa ya dunia nzima. Sisi ndio tumeikimbiza tena, tukaileta darasani, tukampima Wekesa nayo. Nani sasa ana saikolojia ya wazungu?

Na kuna utafiti mwingine ambao sijaweza kuusahau. Katika ule ukame mkali wa miaka ya 1970, daktari wa akili Marten deVries alikuwa kwa Wamaasai akipima hulka za watoto wachanga. Alitenga watoto wepesi na watoto wagumu. Aliporudi baadaye, familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta malisho, na aliwapata watoto 13 tu. Ungefikiria wale wepesi, wasiosumbua, ndio waliopona. Ilikuwa kinyume. Wengi wa wale wepesi walikuwa wamekufa. Wengi wa wale wagumu walikuwa hai. Alichapisha hayo mwaka 1984. Watoto ni wachache sana, hatuwezi kujenga sheria ya dunia juu yao. Lakini maana inaeleweka hata bila hesabu: wakati wa njaa, mtoto anayelia kwa nguvu ananyonyeshwa. Yule mtulivu anasahaulika.

Kwa hivyo siji hapa kuwaambia kwamba upole ni mzuri na kelele ni mbaya. Mahali pengine upole unakuua. Mahali pengine mdomo unakuponza. Na hapo nataka nikiri kitu, kwa sababu nimemsifu kukhu sana na sitaki mdhani kwa kukhu kulikuwa peponi kwa kila mtu.

Kwangu hakukuwa. Mimi nilizaliwa na mdomo. Kila likizo nikipelekwa Kimilili, kesi zilikuwa zangu. Mgeni akiongea nilikuwa nauliza "kwa nini?" Kuka akihadithia nilikuwa namkatiza kumalizia hadithi. Niliitwa mdomo mrefu, niliitwa msichana asiye na aibu, niliambiwa sitaolewa nikiwa na miaka tisa. Nilichapwa makofi ya mdomo, kwa upendo, wanasema. Kukhu yuleyule aliyemwona Wekesa ni baraka aliniona mimi ni mtihani. Halafu nikirudi Kitale shuleni, mwalimu wa Kiswahili ananisimamisha mbele nisome shairi, nashangiliwa, narudi nyumbani na kikombe cha plastiki.

Mimi na Wekesa tuna damu moja na boma moja. Mimi Kimilili ilinibana, Kitale ikanitosha. Yeye Kimilili ilimtosha, Kitale inambana. Leo huu mdomo ndio unalipa kodi ya nyumba yangu pale Section 6, na kukhu anauliza majirani wamuonyeshe video zangu. Hakuna mtu aliyeninyoosha. Nilibahatika kupata mahali panapotaka kile nilichokuja nacho. Wekesa hajapata bado, na tayari amenunuliwa sanduku.

Ati atazoea? Pengine. Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Harvard aliyefariki mwaka 2021, alitumia miaka mingi kwenye swali hili. Aliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu vipya, sauti na harufu wasizozijua. Kama mmoja kwa watano alirusha miguu na kulia sana. Hao ndio walikuwa na nafasi kubwa ya kuwa waoga wa wageni wakikua. Lakini wengi wao hawakubaki waoga kupindukia. Hulka inakuvuta upande mmoja, haikufungi kamba. Watoto wanabadilika, na mara nyingi wanabadilika kwa sababu mtu fulani aliwasukuma kidogo, polepole, akiwa upande wao. Hiyo ni tofauti na kumtupa mtoto bwenini miongoni mwa mamia ya wageni halafu usubiri aanze kuongea.

Pia nisidanganye: si kila ukimya ni hulka. Mtoto anaweza kunyamaza kwa sababu hasikii vizuri. Anaweza kunyamaza kwa sababu kuna mtu anamuumiza. Anaweza kunyamaza kwa sababu akili yake inapanga dunia kwa njia tofauti na anahitaji msaada wa kitaalamu. Kama mtoto alikuwa anaongea na ghafla ameacha, muulizeni, mpelekeni hospitali, chunguzeni. Lakini angalieni kwamba hata hapo, neno "kiburi" halisaidii. Kiburi ni neno la kufunga faili. Ukishaliandika, hakuna mtu anauliza tena.

Basi nilimwambia senge nini? Nilimwambia mambo madogo, kwa sababu makubwa hayako mikononi mwetu. Nilimwomba arudi kwa mwalimu, bila kugombana, amweleze kwamba kwetu kuangalia chini ni adabu, na amwombe vitu vitatu. Amuulize Wekesa akiwa ameketi na mwenzake, si akiwa amesimama peke yake. Akimuuliza, ahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kuhamia kwa mwingine. Na mara moja kwa wiki amwache amweleze hesabu mtoto mwenzake, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba hapo anajua. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji pesa ama vitabu vipya.

Na nilimwomba senge mwenyewe kitu kigumu zaidi: awe anamuuliza Wekesa maswali ya kweli nyumbani. Siyo "umeosha sahani?" Maswali ambayo yeye hajui jibu lake. "Leo mlicheza nini?" Kisha asubiri. Kama shule inataka mtoto anayeongea na wakubwa, basi mtoto anahitaji mkubwa mmoja wa kufanyia mazoezi, ambaye hatamchapa akikosea. Ule mtaro kati ya nyumba na shule, hatuwezi kumwambia mtoto wa miaka minane auruke peke yake.

Senge alinisikiliza. Halafu akasema, "Wewe Nafula ulikuwa hivi tangu zamani, maneno hayaishi." Akacheka, nikacheka. Akasema atafikiria.

Sasa nyinyi. Wengi wenu mko kidato, ama mmemaliza juzi, na kila mmoja amebeba jina fulani alilopewa kabla hajajua kulikataa. Mtundu. Mjeuri. Mzito. Mpole kupita kiasi. Mdomo. Hebu leo usiku chukua jina lako uliulize: nilipewa wapi, na huko walikuwa wanataka mtoto wa namna gani? Pengine utagundua kwamba lilikuwa linaeleza mahali zaidi ya lilivyokueleza wewe. Kiatu kikikubana hakuna fundi anayekwambia ukate kidole.

Halafu angalia nyumbani. Karibu kila mmoja wenu ana Wekesa wake, mdogo wake ama binamu, ambaye wakubwa wameshamaliza kesi yake. Wewe uko katikati. Unaikumbuka bado shule, na wakubwa wanaanza kukusikiliza. Ukimwona akieleza bano nyuma ya nyumba, nenda umwambie mtu.

Kwetu Wabukusu jina la kwanza linasema ulifika wakati gani. Wekesa, wakati wa mavuno. Nafula, wakati wa mvua. Wanjala, wakati wa njaa. Wazee walijua mtoto haanguki tu kutoka hewani, anafika mahali na wakati, na hapo wanaandika tu kile walichokiona, bila kumlaumu. Sijui tulianza lini kuwapa watoto majina ya makosa.

Leo asubuhi nilipita kwa senge. Sanduku bado liko chini ya kitanda, bado tupu. Wekesa alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia, visigino vinaligonga bati kidogo kidogo. Nilimuuliza kama anataka kwenda bweni. Nikahesabu moyoni.

Nilifika saba. Akasema, "Nani atambeba mtoto?"